Nafasi Iliyoachwa Wazi

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa katika Kristo, nimeombwa nizungumze nanyi juu ya kujiandaa kiroho kwa ibada za Majilio, kipindi cha kungoja kabla ya Noeli, na saa yenyewe inatukimbilia, kwa sababu kipindi kinaanza jioni hii hii kwa Masifu ya Jioni ya kwanza, ile sala ya Kanisa ya jioni. Kanisa halingoji kesho asubuhi. Tukitoka hapa na kusali Masifu, tumeshaingia.

Dominika ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Ndiyo maana huangukia mahali fulani kati ya 27 Novemba na 3 Desemba, na kipindi kizima huwa na siku 22 mpaka 28, kutegemea mwaka. Ni kipindi kifupi. Kwaresima inakupa siku arobaini za kuanguka na kuinuka. Majilio, ukizembea juma moja tu, robo imekwenda.

Kila mwaka ukifika wakati huu nasikia swali lile lile: mwaka huu tuongeze nini? Tuongeze novena, tuongeze rozari, tuongeze mkesha. Sina neno baya juu ya novena wala rozari. Lakini naomba kwanza tuangalie Kanisa lenyewe linafanya nini katika Misa za kipindi hiki, maana liturujia ndiyo mwalimu wetu wa kwanza. Linaondoa. Linaondoa wimbo wa Utukufu, isipokuwa kwenye sherehe kama ile ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, 8 Desemba. Maelekezo ya Misale, kitabu cha sala za Misa, yanataka maua ya altareni yawe ya kiasi, na vinanda vivyo hivyo, ili tusije tukaitangulia furaha kamili ya Noeli. Aleluya inabaki, kwa sababu hiki si kipindi cha majonzi. Padri anavaa zambarau. Na katikati ya zambarau hiyo, Dominika ya tatu, panaruhusiwa rangi ya waridi, kwa ajili ya neno la Mtume Paulo kwa Wafilipi: Furahini katika Bwana siku zote, Bwana yu karibu.

Sasa kesho tutasema “Bwana utuhurumie”, na baada yake mtasikia pengo. Sikio limezoea kwaya iinuke na Utukufu kwa Mungu juu. Badala yake padri anasema “Tuombe”, halafu kimya. Kile kimya si padri anatafuta ukurasa. Kimewekwa ili kila mmoja atambue kwamba yuko mbele za Mungu, na aweke mbele zake ombi lake mwenyewe; kisha padri anayakusanya maombi yetu yote katika sala moja, ndiyo maana ikaitwa kolekta. Nawasihi msije kesho mikono mitupu. Ukiwa bado njiani kuja kanisani, chagua ombi lako, moja tu, la kweli, lile ambalo hata mwenzi wako wa ndoa hujamwambia. “Tuombe” ikisemwa, lishike.

Niwasimulie kosa langu. Miaka kadhaa niliimba kwaya, sauti ya tatu. Desemba moja nilijitosa kwenye mazoezi ya Noeli kwa bidii ambayo kila mtu aliisifu. Nikawa naimba nyimbo za Noeli kazini, njiani, jikoni, mpaka usingizini. Misa za siku za juma sikukanyaga. Kitubio nikasema nitakwenda siku nikipata nafasi. Ukafika usiku wa Noeli, padri akaanzisha Utukufu, kengele zikapigwa, watu wakasimama wima kama walioamshwa, na jirani yangu wa kushoto machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa nafikiria kama sauti ya kwanza wameanza juu mno. Niliimba wimbo ule mwanzo hadi mwisho bila kukosea hata noti moja, na sikuomba hata neno moja. Nilifika Betlehemu nikiwa nimeshiba Noeli. Nafasi ambayo Kanisa liliiacha wazi kwa majuma manne ili Utukufu ule upate pa kuingilia, mimi nilikuwa nimeshaijaza.

Siwaambii wanakwaya waache mazoezi, wimbo lazima ufundishwe. Nasema mazoezi yana saa yake, na saa hiyo ikiisha, moyo urudishwe kwenye kungoja.

Kungoja nini, basi? Hapa watu wazima wengi tunajibu kama watoto: kuzaliwa kwa Yesu. Lakini Yesu hatazaliwa tena. Alizaliwa mara moja. Majilio yanaangalia pande mbili: nyuma, alikokuja katika unyonge wa mwili, na mbele, atakakokuja kwa utukufu. Mpaka tarehe 16 Desemba masomo na sala yanaegemea zaidi kule mbele. Ndiyo sababu Injili ya Dominika ya kwanza, iwe Mwaka A, B au C wa mzunguko wetu wa masomo, haina hori wala mchungaji hata mmoja. Ina neno moja: kesheni. Luka anaongeza onyo ambalo mimi hulisoma polepole kila mara, kwamba mioyo yetu isije ikalemewa na ulafi, na ulevi, na masumbufu ya maisha haya. Ulafi na ulevi wengi tutasema havituhusu. Masumbufu ya maisha haya, nani atasimama aseme hayamhusu?

Mtakatifu Bernardo, abati wa Clairvaux aliyefariki mwaka 1153, katika hotuba ambayo Kanisa hulisoma fungu lake kwenye Kipindi cha Masomo, sehemu ya sala rasmi ya kila siku, juma hili la kwanza, anataja ujio wa tatu, ulio katikati ya ile miwili. Ule wa kwanza ulionekana na watu, ule wa mwisho utaonekana na wote. Huu wa kati umefichika, Bwana anamjia mtu rohoni. Na mimi ujio huo wa kati naukuta hasa katika Misa. Sikilizeni maneno yetu wenyewe. Baada ya mageuzo, mkate na divai vinapokuwa Mwili na Damu ya Kristo, tunatangaza kifo chake na ufufuko wake mpaka atakapokuja. Baada ya Baba Yetu padri anaomba amani kwa ajili yetu sisi tunaotazamia kuja kwake Mwokozi. Kisha, hatua chache kabla ya Komunyo: “Ee Bwana, sistahili uingie kwangu, lakini sema neno tu, na roho yangu itapona.” Mnajua Injili ya keshokutwa, Jumatatu ya juma la kwanza, ni ipi? Ni huyo huyo jemadari wa Kafarnaumu, sura ya nane ya Mathayo. Kanisa lingeweza kuifungua siku ya kazi ya kwanza ya Majilio kwa malaika au kwa nyota. Limetuletea askari mgeni, mwenye mtumishi mgonjwa nyumbani, anayemwambia Bwana kwamba dari yake haistahili.

Kwa hiyo anayejiandaa kupokea Komunyo vizuri kesho, huyo anajiandaa kwa Noeli, na anajiandaa kwa siku ya mwisho. Ni kazi moja.

Namna ya kuifanya ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Kesho yako ya Misa ianze leo jioni: fungua masomo, soma Injili mara mbili, ya pili kwa sauti, kisha funga kitabu uone ni neno gani limebaki. Asubuhi usilifukuze kwa simu. Fika mapema kidogo, ukae. Maelekezo ya Misale yanapendekeza kimya kanisani na hata sakristia kabla ya ibada kuanza, na hilo tumelipoteza. Tunasalimiana mpaka kengele ya kuingia. Saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo isiwe hesabu ya dakika tu. Mwili nao uonje kwamba unamngojea mtu.

Na kitubio. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunapokwepa. Watu walipomwendea Yohane Mbatizaji mtoni walimwuliza swali moja: tufanye nini? Angalieni majibu katika sura ya tatu ya Luka. Makutano aliwaambia mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Watoza ushuru: msitoze zaidi ya mlivyoamriwa. Askari: msidhulumu mtu, wala msishitaki kwa uongo, mtosheke na mishahara yenu. Yohane hakumwambia yeyote kati yao ahamie jangwani ale nzige pamoja naye. Kila mmoja alimrudisha kwenye meza yake ya kazi, na kidole chake kikaangukia pale pale panapouma. Mkitafuta mwongozo wa kuchunguza dhamiri, chukueni huo. Mimi leo ningemwuliza: Yohane, nina kabati, nina kazi, nina mamlaka juu ya watu wawili watatu, nifanye nini? Halafu ningenyamaza, kabati likaanza kujibu. Koti ambalo sijalivaa tangu mwaka juzi. Mtu ninayemtuma kazi jioni ya Jumamosi kwa sababu hawezi kunikatalia. Hayo ndiyo ya kupeleka kitubioni, kwa majina yake. Tusiungame tu kwamba “sisi ni wadhaifu”.

Kuanzia 17 Desemba mambo yanabadilika, liturujia inageuka kuielekea Noeli moja kwa moja. Kila jioni mpaka tarehe 23, kabla ya utenzi wa Bikira Maria kwenye Masifu, inaimbwa antifona, yaani kiitikio kifupi, inayoanza kwa “Ee”: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mawio, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Zote zinamalizia kwa kuomba: njoo. Ukichukua herufi ya kwanza ya kila jina la Kilatini, ukazisoma kutoka ya mwisho kurudi ya kwanza, unapata maneno mawili, “Ero cras”: kesho nitakuwapo. Jioni saba Kanisa linaita, na jibu limejificha ndani ya mwito wenyewe. Asiyeweza kuja kanisani jioni hizo, azisali nyumbani, moja kwa siku. Hazichukui hata dakika moja.

Basi, tusimame tusali Malaika wa Bwana. Padri ameshakaa kwenye kiti cha kitubio, atakuwapo hadi Masifu yaanze. Foleni inaanzia upande wa kulia, na mimi nakuja kujipanga pamoja nanyi.