Tuzo Iulize Nani Anashika Spana

Mwenyekiti, walimu wetu, nanyi wahandisi vijana mliofika kutoka Kakamega, Siaya, Nyando na hapa hapa Kisumu, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie tuzo za wahandisi vijana. Nimeketi na waamuzi zaidi ya mara moja, kwa hiyo nitawaambia ninachokitafuta nikisoma fomu zenu. Upande wa ufundi huwa mmejaza vizuri: michoro, hesabu, picha za zege likimwagwa. Nikifika panapouliza umeshirikiana vipi na jamii, nakuta mistari miwili. Tulipanda miti. Tulitembelea makao ya watoto. Ni mambo mema, na muendelee nayo, lakini hata mtu asiyejua kushika rula angeyafanya.

Kisima changu cha kwanza kilikuwa Nyakach. Nilikuwa mhandisi mhitimu, bado natafuta usajili. Maji yalipotoka akina mama walipiga vigelegele, chifu akahutubia, nami nikasifiwa kazini. Baada ya miezi minane nilipita njia hiyo nikielekea Sondu. Mpini wa pampu ulikuwa umefungwa kwa kamba, watoto wanachota mtoni. Kilichokuwa kimekwisha ni mpira mdogo wa pistoni, ambao bei yake haifiki ya kuku. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kuonyeshwa namna ya kuutoa. Kosa lile lilikuwa langu, na bado linaniuma.

Na dawa yake ilikuwepo! Katika miaka ya 1980, pampu ya mkono ya Afridev ilipokuwa ikijaribiwa Malawi na hapa Kenya, walioiunda walianza na swali la nani ataitengeneza ikiharibika. Ndiyo maana inafunguliwa kwa spana moja, na pistoni inavutwa juu bila kung'oa bomba zima. Kule Kwale wanawake walifundishwa kuitengeneza wenyewe. Tazameni vizuri: jamii imo ndani ya mchoro, haikuongezwa mwishoni ili picha ipigwe.

Mwaka 2022 Norah Magero alikuwa Mkenya wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pauni 25,000. Alitengeneza VacciBox, friji ya sola ya kubebea chanjo hadi zahanati zisizo na umeme. Mwaka 2024 Esther Kimani akaichukua kwa kifaa cha sola kinachotambua wadudu na magonjwa shambani na kumtumia mkulima ujumbe kwa simu. Safari hiyo ilikuwa pauni 50,000. Kimani alikulia kwa wakulima, akaona mazao yakiharibika nyumbani kwao. Hakuhitaji kutafuta tatizo.

Nanyi mnayo ya kwenu. Chukueni kingo za udongo zilizojengwa kuzuia mafuriko ya mto Nzoia kule Budalang'i. Fuko akichimba tundu kwenye ukingo, anayeona maji yakichuruzika mapema ni mchungaji, si mhandisi aliye ofisini. Mmemfundisha dalili za kuangalia? Anajua ampigie nani simu usiku? Kazi hiyo haina utepe wa kukatwa, na kwangu mimi ina alama nyingi kuliko ukingo mpya.

Kwa wenzangu wanaopanga tuzo nina ombi. Tusipokee mradi ambao haujamaliza miaka miwili tangu ukabidhiwe. Na barua moja ya mapendekezo iandikwe na kamati ya maji ya kijiji, kwa Kijaluo, Kiluhya, lugha yoyote waipendayo. Tutatafuta wa kututafsiria.

Nanyi vijana, katika fomu zenu niandikieni jina la mtu anayeshika spana leo, na namba yake ya simu kwa ruhusa yake. Nitampigia mwenyewe, nimuulize kama maji yanatoka.