UNLV ya 1991: ilikuwa na vipaji kiasi gani kweli?

Shikamooni wakubwa, na nyie wengine mambo vipi. Asanteni kwa kubaki, najua mechi zimeisha na watu wana njaa, ila niliahidi leo naongelea lile jambo ambalo kila tukikaa pembeni ya uwanja baada ya mazoezi lazima lizuke. Mtu anauliza timu gani ya kikapu ya chuo kule Marekani ilikuwa kali kuliko zote, mwingine anajibu UNLV, wa tatu anadakia walipigwa na chuo cha Duke hao, ukali gani, alafu hapo kelele tu mpaka watu wanaondoka. Mi naona wote wawili wanakosea, na nitaeleza kwa nini.

Kwa wadogo zangu ambao hamkuwa mmezaliwa, UNLV ni Chuo Kikuu cha Nevada kilichopo Las Vegas. Mwaka 1990 walichukua ubingwa wa vyuo kwa kuipiga Duke 103 kwa 73 kwenye fainali. Pointi 30 jamani, fainali! Hakuna fainali ya wanaume iliyowahi kuisha kwa tofauti kubwa kuliko ile, na hakuna timu iliyokuwa imefikisha mia kwenye fainali kabla yao. Kawaida ukishabeba kombe namna ile wachezaji wanakwenda zao NBA, ligi kubwa ya kulipwa kule Marekani, wakachukue hela, ila hawa nguzo zao zikabaki, Larry Johnson akarudi, Stacey Augmon akarudi, Greg Anthony akarudi, Anderson Hunt akarudi, na George Ackles ambaye msimu wa ubingwa alikaa nje akaingia kati. Msimu wa 1990-91 wakaenda mechi 34 bila kufungwa, wanafunga karibu pointi 98 kwa mechi na wanakuacha kwa wastani wa zaidi ya 25. Ukichanganya na msimu wa nyuma ni mechi 45 mfululizo. Alafu tarehe 30 Machi 1991 pale Indianapolis, nusu fainali, Duke wale wale wakawatoa 79 kwa 77.

Sasa swali letu sio kama walikuwa wazuri, hilo halina ubishi, swali ni walikuwa na VIPAJI kiasi gani, na hapo ndo watu wanachanganya mafaili, maana mtu akisema kipaji anamaanisha huyu jamaa alikuja kufanya nini NBA. Kwa kipimo hicho UNLV inashuka haraka sana. Pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, Larry Johnson alichaguliwa namba 1 mwaka 1991 na Charlotte, Augmon namba 9 na Atlanta, Anthony namba 12 na New York, yaani watatu wa kikosi kimoja ndani ya kumi na mbili za kwanza, si mchezo. Ackles akachaguliwa raundi ya pili lakini NBA hakucheza, na Hunt, mfungaji wao wa pili, hakuchaguliwa na mtu yeyote. Johnson akawa mchezaji bora mpya wa 1992, akaingia Ol-Sta, ile mechi ya nyota wa ligi, mara mbili, 1993 na 1995, ila mgongo ukamharibia, ule mruko wake wa mwanzo haukurudi tena, na 2001 akastaafu. Augmon na Anthony walicheza miaka mingi na kwa heshima, Augmon misimu 15 kabisa, lakini Ol-Sta hata mara moja hapana. Mpaka leo kwenye jumba la heshima la kikapu, lile la Naismith, kwenye kundi lile aliyeingia ni kocha wao tu, mzee Jerry Tarkanian, yule wa kutafuna taulo.

Ukiishia hapo utasema basi ilikuwa timu ya kawaida iliyopata bahati ya ratiba nyepesi. Hoja ya ratiba ina ukweli kidogo, ligi yao ya Big West haikuwa ngumu, siwezi kukataa. Lakini subirini.

Raundi ya pili ya mashindano yale ya 1991 UNLV walikutana na Georgetown, na mle ndani Georgetown walikuwa na watu wawili, Alonzo Mourning na Dikembe Mutombo, Mkongo wetu kutoka Kinshasa, aliyekwenda Georgetown na ndoto ya udaktari akaishia kuwa ukuta. Hebu pimeni vipaji vya hao wawili kwa NBA. Mutombo Ol-Sta mara 8, mlinzi bora wa ligi mara 4. Mourning Ol-Sta mara 7. Wote wawili wako kwenye jumba la heshima. Kwa kipimo cha NBA, wale wawili peke yao wanaizidi UNLV nzima! Na matokeo? UNLV 62, Georgetown 54. Ile ilikuwa moja kati ya mechi mbili tu walizoshinda kwa chini ya pointi kumi msimu mzima, nyingine ni ya Arkansas, 112 kwa 105. Kwa hiyo Mutombo na mwenzake waliwabana kweli, waliwalazimisha kucheza mpira wa polepole ambao hawaupendi, lakini mechi waliikosa. Mutombo alifariki 2024, Mungu amrehemu, na mi kila nikiiangalia mechi ile naona jambo moja: warefu wawili hawatoshi kama magadi wako, wale wanaopandisha mpira, hawavuki nusu ya uwanja kwa amani.

Na sisi hapa Tanzania tusijifanye hatulijui hili. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, ameshika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, kafika Connecticut, kawa mlinzi bora wa vyuo, kafika nusu fainali ya vyuo, nne bora, mwaka 2009, kachaguliwa namba 2 mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry. NBA haikumwendea vizuri na watu mpaka leo wanamsema vibaya, jambo ambalo linaniuma sana, kwa sababu alichofanya pale chuoni kilikuwa cha kweli, zile bloku hazikuwa za kuota, timu pinzani ziliogopa kuingia chini ya goli. Chuo ni mchezo wake na NBA ni mchezo wake. Dakika 40 sio 48, mstari wa pointi tatu uko karibu, mshambuliaji wakati wa UNLV alipewa sekunde 45 za kupiga sio 24, na mwili wa kijana wa miaka 22 dhidi ya wa miaka 18 ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa hiyo ukitaka kupima timu ya chuo, ipime chuoni.

Na chuoni kipaji cha UNLV kilikuwa wapi? Wengi wanakumbuka danki za Larry Johnson, na ni kweli alikuwa mnyama, pointi 22.7 kwa mechi, tuzo za Naismith na Wooden za mchezaji bora wa vyuo wa mwaka 1991 kachukua yeye, mtu wa kama mita 2 tu lakini kifua kama mlango wa godauni na mikono laini ya kupasia. Mi lakini nikiwaonyesha vijana wangu video za timu ile nawaambia acheni kuangalia mpira, angalieni miguu ya Augmon na Anthony. Augmon alichaguliwa mlinzi bora wa vyuo miaka mitatu mfululizo, 1989, 1990, 1991, walimwita mtu wa plastiki kwa urefu wa mikono yake. Anthony alivunjika taya mwaka 1990 na akarudi uwanjani taya likiwa limefungwa, ndo mjue ni mtu wa aina gani. Hawa wawili walikuwa wanakupokea tangu unaporusha mpira wa kuingiza, yaani hupumui, unapiga dribo mbili ushageuzwa, unatoa pasi ya woga, Augmon kanyoosha mkono, wanakimbia watatu kwa mmoja, danki. Pointi 98 zile nyingi zilizaliwa hivo, ni difensi ile. Alafu Tarkanian alikuwa na zoni yake, yaani kila mtu analinda eneo lake badala ya mtu wake, anaiita amiba, kama yule mdudu wa biolojia asiye na umbo, inaanza kama zoni ukizubaa kidogo imekuwa watu wawili juu ya mpira, ukigeuka imerudi zoni. Huwezi kuicheza bila watu wenye akili ya mpira na miguu mirefu, na kusoma pasi kabla haijatoka mkononi mwa mtu ni kipaji kama kupiga pointi tatu kilivyo kipaji, sema hakina namba nzuri ya kuandika gazetini.

Kwa hiyo watano wale, nasema bila kuogopa, ni katika watano bora waliowahi kuanza mechi za chuo.

Ila, na hapa mashabiki wa UNLV mtanichukia, vipaji vyao vilikuwa vikubwa lakini VICHACHE. Ukitoka kwenye wale watano unamkuta Elmore Spencer, mrefu mzuri aliyekuja kuchaguliwa na Clippers mwaka uliofuata, unamkuta Evric Gray, basi. Linganisha na Kentucky ya 1996. Ile ilishinda mechi 34 ikafungwa mara mbili, lakini wachezaji tisa wa kikosi kile walikuja kucheza NBA, tisa! Kocha Rick Pitino alikuwa anatoa watano anaingiza watano na spidi haishuki. Ukiniuliza kikosi gani kilikuwa na kipaji kingi kuanzia wa kwanza mpaka wa kumi nitasema Kentucky. Na UCLA, chuo cha Los Angeles, ya Lew Alcindor, yule aliyekuja kuwa Kareem, mataji matatu 1967 mpaka 1969 na kufungwa mara mbili tu miaka yote mitatu, hao ni habari nyingine kwa sababu walikuwa na mtu mmoja ambaye dawa yake haikuwepo.

Sasa uchache ule ndo ulioonekana Indianapolis. Watu wanasema Duke walibahatisha. Duke ile ilikuwa na Christian Laettner, Bobby Hurley na Grant Hill, wote watatu walikuja kuchaguliwa ndani ya namba saba za kwanza miaka iliyofuata, Hill alikuwa mwaka wa kwanza tu wakati ule. Kwenye ile fainali ya 1990 Hurley alikuwa mtoto wa mwaka wa kwanza na tumbo linamsumbua, Anthony akamla mzimamzima. Mwaka mmoja baadaye kakomaa. Mpaka mapumziko UNLV 43, Duke 41, na tayari unaona kitu kipya, Johnson akipata mpira wanamvaa wawili, mwisho wa mechi ana pointi 13 tu, Augmon ana 6. Hunt peke yake ndo aliwabeba kwa pointi 29, idadi ile ile aliyofunga kwenye fainali ya mwaka wa nyuma.

Alafu zikiwa zimebaki dakika 3 na sekunde 51 Anthony kapata fauli ya tano, nje. Hapo mi huwa nasimamisha video. Kwa sababu kuanzia pale hakuna mtu wa kuwapangia mpira. UNLV wanaongoza 76 kwa 71, Hurley anapiga tatu, 76 kwa 74, UNLV wanarudi wanazungusha mpira, wanazungusha, sekunde 45 zinaisha hawajapiga hata shuti! Timu ya pointi 98! Brian Davis wa Duke anafunga na fauli juu, Duke mbele. Johnson anasawazisha kwa mtupo huru mmoja, 77 kwa 77. Laettner anachezewa fauli zimebaki sekunde 12.7, anaweka zote mbili. Mpira wa mwisho unamfika Johnson nje ya mstari wa pointi tatu, anasita, anampa Hunt, Hunt anarusha kwa mbali, haikuingia.

Kuna mtu kanyoosha mkono pale, kocha sema.

Kocha anauliza, Anthony asingetoka wangeshinda? Swali zuri, na jibu langu ni ndiyo. Kuna sababu. Wale walikuwa hawajazoea mechi ya kubanana, msimu mzima ilikuwa Arkansas na Georgetown tu, na mtu pekee ambaye kazi yake ilikuwa kutulia pale ni Anthony, karibu pasi 9 za kufungisha kila mechi. Asingeruhusu zile sekunde 45 ziishe. Angempelekea Johnson chini ya goli mapema kabla ya wawili hawajamfikia, kama alivyokuwa anafanya tangu Novemba. Lakini kocha, Duke wao walikuwa na Hurley, na Hurley alicheza mechi ile bila kupumzishwa na akamaliza yuko uwanjani. Ukitaka kuweka vipaji vya timu hizi mbili kwenye mzani lazima na hilo uliweke.

Haya, dada mwenye fulana nyekundu, na we ulikuwa na swali.