Kupanda Mivinje Mteremkoni kwa Keekee ya Petroli

Mtazamaji mpendwa, hapa ni Marafa, upande wa bara wa Malindi, na korongo la Nyari unaloliona nyuma yangu lilichimbwa na mvua na upepo. Kwa hiyo nakuomba usiwashe mashine kabla ya kuipima ardhi, kwa kuwa safu ya mashimo inayoshuka moja kwa moja na mteremko hugeuka kuwa mfereji.

Tunaanza na fremu ya A, kifaa cha kutafutia mstari wa usawa unaokatiza mteremko. Chukua fito mbili za mita 2, zifunge kileleni, uziunganishe katikati kwa fito ya tatu, kisha uning'inize timazi kutoka kileleni. Jiwe lililofungwa kwenye uzi linatosha. Simamisha miguu ya fremu juu ya vigingi viwili, tia alama pale uzi unapokatiza fito ya katikati, halafu igeuze fremu ili kila mguu ushike nafasi ya mwenzake, na utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Sasa anzia juu ya shamba, uitembeze fremu mguu baada ya mguu, na kila uzi unapotulia kwenye usawa, pigilia kigingi. Mstari utapindapinda, nawe uuache ulivyo, hata kama jirani atakuambia kuwa safu zilizonyooka ndizo zinazopendeza.

Mteremko ukiwa mdogo, trekta lenye ripa, yaani jino la chuma la kupasulia ardhi, linaweza kupasua ardhi kwa kufuata vigingi hivyo. Ukiwa mkali, trekta huweza kupinduka, kwa hiyo tunatumia keekee ya petroli, mashine ya kuchimbia mashimo inayoshikwa kwa mikono na watu wawili.

Changanya petroli na oili kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Vaa suruali na viatu vigumu, kwani kikoi hunaswa upesi na chuma kinachozunguka. Keekee isimame wima, kama mti utakavyosimama, wala isiulalie mteremko. Ikigonga jiwe au mzizi, vishikio hukupiga kwa ghafla. Achia kishikio cha mafuta papo hapo. Shimo la upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 45 linatosha.

Tazama sasa ndani ya shimo hili. Penye mfinyanzi, chuma huacha kuta zinazong'aa kama chungu kilichosuguliwa kwa kokoto. Msimu mmoja sikulijali jambo hilo, na nilipong'oa miche iliyodumaa nilikuta mizizi imezunguka mle mle shimoni bila kupenya nje. Tangu hapo sipandi kabla ya kuzikwaruza kuta kwa ncha ya panga, pande zote nne, mpaka zikwaruzike kabisa.

Panda wakati wa masika, udongo ukiwa umelowa hadi chini. Acha mita 2 kati ya miche na mita 2 kati ya safu, yaani takriban miche 1,000 kwa ekari, na upishanishe safu ili mche wa chini uzibe mwanya wa juu. Chana kiriba, yaani mfuko wa plastiki ulioshika mche, na ukitoe chote, shindilia udongo, kisha upande wa mche unaoelekea chini ya mteremko uinue tuta la nusu mwezi.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza, rudi na jembe. Kila tuta lililovunjwa na maji, liinue na ulishindilie kwa miguu kabla mvua nyingine haijanyesha.