Kuku Anayechechemea: Kutibu Kidonda cha Unyayo Nyumbani

Habari za asubuhi ndugu zangu wafugaji, na shikamooni wazee wetu mliowahi viti vya mbele. Leo ni unyayo wa kuku tu. Nitaanza na usaha, maana asiyeujua usaha wa kuku atamkata kuku wake bure.

Mtu akiota jipu, usaha wake huwa majimaji. Jipu likitumbuka usaha unatoka, maumivu yanashuka, kidonda kinaziba. Kuku hayuko hivyo. Chembe zake nyeupe za damu hazina vimeng'enya vya kuulainisha usaha kama vyetu, kwa hiyo usaha wake hukauka palepale ulipo, ukawa kitu kigumu cha manjano kinachomeguka kama kiini cha yai lililochemshwa kupita kiasi. Mwili hauwezi kukitoa, basi unakizungushia ukuta. Ndani ya ukuta huo hakuna mishipa ya damu. Sasa niambieni, dawa uliyoweka kwenye maji ya kunywa itafikaje humo? Dawa husafiri na damu. Ndiyo sababu mtu ananunua unga wa oksitetrasaiklini, anaunyweshea banda zima siku tano, na kuku mmoja aliyekuwa anachechemea anaendelea kuchechemea. Wenzake ishirini wasioumwa wamenyweshwa dawa, mayai yao yote yamepitiwa na dawa, na kidonda hakijaguswa.

Bakteria anayehusika mara nyingi ni Staphylococcus aureus. Huyu haji kutoka mbali. Yuko kwenye ngozi ya kuku mwenyewe, kwenye matandazo, na kwenye mikono na pua zetu. Anachosubiri ni mlango. Mlango unaweza kuwa mwiba, kipande cha waya wa wavu, kigae cha chupa au kokoto kali. Lakini kwenye mabanda ya nyuma ya nyumba mlango unaoonekana zaidi si mchubuko wa siku moja. Ni sugu. Kuku mzito analala juu ya ufito wenye kona kali, au anashinda kwenye sakafu ya saruji iliyokwanguliwa matandazo, na sehemu ileile ya unyayo inakandamizwa usiku na mchana. Ngozi inakuwa nyekundu, inang'aa, inapoteza vile vijipele vyake vidogo, kisha inapasuka. Kuku wa kienyeji mwepesi anayezurura hapatwi sana. Chotara wazito kama Sasso na Kuroiler, na majogoo makubwa, ndio wateja wa ugonjwa huu, hasa wakipewa fito za juu: mwili wa kilo tatu au nne ukitua kwenye saruji kutoka mita moja na nusu kila alfajiri, unyayo ndio unaolipa.

Kwa hiyo kagueni nyayo mara moja kwa wiki. Fanyeni jioni kuku wakishatulia, kwa tochi. Osha unyayo kwanza, maana kinyesi kilichokauka hufanana sana na kigaga, na watu wamekwishabandua ngozi nzima wakidhani wanatoa uchafu. Linganisha mguu na mguu.

Mtakachokiona kina hatua zake, na hatua ndiyo inayoamua nani atibu. Hatua ya kwanza ni wekundu na mng'ao, hakuna uvimbe. Ya pili, kigaga cheusi au cha kahawia katikati ya unyayo, ukubwa wa punje ya mahindi au chini yake, uvimbe kidogo, na kuku bado anakanyaga. Hizi mbili ni zenu, mnaweza kuzitibu nyumbani. Hatua ya tatu ni unyayo uliotutumka, una joto, na uvimbe unaonekana hata ukiutazama mguu kwa juu, katikati ya vidole. Ya nne na ya tano ni maambukizi yaliyoingia kwenye kano na mifupa. Kifundo kinavimba, kuku anashinda amekaa, anakonda. Kuanzia hatua ya tatu, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Kama mko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kina hospitali ya wanyama. Kwingineko anzeni kwa afisa mifugo wa kata.

Najua swali linalokuja. Intaneti imejaa video za watu wanaokata unyayo wa kuku mezani kwa wembe, na kuku ametulia. Naomba mnisikilize hapa. Kuku kutulia si kwamba haumwi. Ni ndege anayewindwa. Akishikwa hana pa kukimbilia, huganda. Chini ya ngozi ile ya unyayo zimepita kano zinazokunja vidole, pamoja na mishipa ya damu. Ukikata kano, kidole hakitakunjika tena na kuku hatashika ufito. Ukikata mshipa, kumbuka kwamba kuku wa kilo mbili ana damu isiyofika mililita 200 mwilini mwote. Daktari anamtia ganzi, anautoa ule usaha mgumu pamoja na ukuta wake, anashona. Ukitoa kiini ukaacha ukuta, kidonda kinajaa tena. Wembe wa nyumbani mara nyingi unaishia hapo, na kuku ameteswa bure.

Kabla ya kutibu hakikisheni ni ugonjwa huo. Tazameni vidole: uzi wa cherehani, nywele za bandia za kusukia na nailoni ya gunia huzonga kidole mpaka kikavimba na kuwa cheusi, hasa banda likiwa jirani na fundi nguo au saluni. Kata uzi kwa mkasi mdogo, osha, basi. Magamba ya miguu yakiinuka na kuwa manene yenye ungaunga mweupe, huo ni utitiri wanaoishi chini ya magamba. Sugua kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na mswaki laini, kausha, paka mafuta ya mgando kwa wingi, rudia kila baada ya siku tatu kwa wiki tatu au zaidi, na wapake kuku wote. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari mnayoambiwa mpake huunguza ngozi. Kuku mchanga aliyelala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, nyayo safi, mshukuni mahepe, ule ugonjwa wa virusi unaopoozesha miguu. Na kuku wengi wakivimba vifundo na nyayo kwa wakati mmoja, hilo ni la banda zima, mwiteni mtaalamu.

Sasa tiba. Tayarisha kila kitu kabla hujamshika kuku: beseni ambalo halitarudi jikoni, glavu, chumvi, iodini ya vidonda, marhamu ya iodini, shashi, bendeji nyembamba, plasta ya kitambaa, kipande cha sponji safi na kanga kuukuu. Glavu ni za lazima, kwani bakteria huyu huambukiza michubuko ya mikono yetu pia.

Mfunge kuku kwenye kanga, mabawa ndani, miguu nje, na ufunike macho, gizani anatulia. Usimbane kifua. Kuku hana kiwambo kama chetu, hupumua kwa kuinua na kushusha kidari, kwa hiyo mkono mzito kifuani unamkosesha pumzi huku wewe ukidhani umemtuliza.

Loweka miguu, kina kisivuke kifundo. Maji yawe ya uvuguvugu ambayo ndani ya kiganja unayaona ya kustarehesha. Chumvi ya Epsom, ile inayouzwa maduka ya dawa, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja. Usipoipata, chumvi ya mezani kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Dakika kumi hadi kumi na tano, na maji yakipoa ongeza ya moto pembeni, mbali na mguu. Asinywe maji hayo. Chumvi ya Epsom humharisha. Kisha kausha vizuri, hadi katikati ya vidole. Hapa wengi wanakosea: wanaloweka, wanafunga bendeji juu ya ngozi mbichi, na baada ya siku mbili ngozi ni nyeupe, imelainika, inanuka.

Kigaga kikishalainika, sukuma ukingo wake taratibu kwa shashi. Kikiachia chenyewe na kutoka na kiini kidogo, vizuri. Kikigoma, kiache, loweka tena kesho. Siku tatu au nne za kuloweka zina thamani kuliko dakika moja ya kung'oa. Damu ikitoka, bana kwa shashi safi dakika tano bila kufunuafunua. Baada ya hapo suuza kwa iodini: ile ya asilimia 10 ichanganywe na maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ifanane na chai ya rangi iliyo hafifu. Ikiwa nzito inaua pia chembe changa zinazojenga ngozi. Spiriti na haidrojeni peroksaidi zina kosa hilohilo kwa ukali zaidi, msizitumie kila siku. Na marhamu yenye ganzi ndani yake msimpake kuku bila daktari, maana kiasi kidogo kwetu kinaweza kuwa kingi mno kwa ndege.

Hatua ya kwanza haihitaji zaidi ya hapo, pamoja na kulainisha ngozi na kurekebisha banda. Hatua ya pili inahitaji kuondolewa uzito, na hili ndilo linalosahauliwa. Kidonda kinachokanyagwa hakifungi. Kata sponji ya unene wa sentimita moja, duara linalotosha unyayo, toboa katikati tundu kubwa kuliko kidonda. Weka shashi yenye marhamu ya iodini kwenye kidonda, kisha sponji, ili uzito ubebwe na ngozi nzima pembezoni. Funga kwa bendeji ya upana wa sentimita mbili: anzia juu ya unyayo, pita katikati ya vidole, zunguka, panda kwenye mguu umbo la nane, rudi. Malizia kwa plasta. Baada ya nusu saa tazama vidole. Vikiwa vimevimba, vya baridi au vimebadilika rangi, umekaza, fungua. Bendeji ibadilishwe kila siku kwa siku tatu za mwanzo, kisha kila baada ya siku mbili, na ikilowa ibadilishwe saa hiyohiyo.

Kuku huyo akae peke yake kwenye boksi au kitundu chenye kitambaa kikavu, hana ufito, chakula na maji karibu. Awasikie wenzake, lakini wasimdonoe. Bendeji inawavutia sana. Wiki moja ikipita bila uvimbe kupungua, usiendelee kubahatisha.

Antibiotiki aamue daktari, na akiandika ya sindano au ya kumeza ulizeni siku za kusubiri kabla ya kula mayai na nyama. Ziandikeni ukutani. Yai la kuku aliye kwenye dawa haliuzwi wala halipewi mtoto.

Nirudi kwenye banda, maana huyo uliyemponya leo analala wapi usiku? Fito zenu ziwe mbao ya mbili kwa mbili au mbili kwa nne iliyolazwa kwa upana, kona zimepigwa randa hadi ziwe mviringo, bila misumari wala vibanzi. Kuku wazito, kimo kisizidi sentimita 50 au 60, na kila kuku apate sentimita 20 hadi 25. Bomba la plastiki linateleza, kuku analibana vidole usiku kucha. Mianzi myembamba hivyohivyo. Maranda au pumba za mpunga ziwe na kina cha sentimita nane hadi kumi, zaidi pale wanapotua. Kamata gao la matandazo ulibane: likibaki donge, limelowa mno, ondoa. Tafuteni kwanza chombo cha maji kinachovuja, kwa kawaida ndipo unyevu unapoanzia.

Na chakula. Wengi mnachanganya wenyewe kwa mahindi meupe na pumba. Mahindi meupe karibu hayana vitamini A kwa kuku, na bila vitamini hiyo ngozi ya unyayo inakuwa kavu, inapasuka upesi na kupona polepole. Wapeni mchicha, matembele au majani ya mlonge kila siku, na premiksi, yaani ule unga wa vitamini na madini wa kuchanganya kwenye chakula, isikae dirishani juani wala isipitwe na tarehe yake.

Kuna karatasi mbili nimepewa. Ya kwanza inauliza kama kuku mwenye kidonda cha unyayo analiwa. Kama anakula vizuri, hajakonda, hana dawa mwilini, na ugonjwa uko kwenye unyayo tu, anaweza kuchinjwa. Mguu ule ukatwe kwanza kwenye kifundo na ufukiwe, kisu kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuendelea. Mguu huo usiende kwenye supu ya miguu. Sumu inayoachwa na bakteria huyu kwenye chakula haiharibiwi na kuchemsha. Kuku aliyekonda, aliyezubaa, mwenye vifundo vilivyovimba, asiliwe. Na kama gharama ya upasuaji imezidi uwezo wako na kuku anateseka, kumchinja mapema ni haki yake.

Ya pili inauliza lini arudi bandani. Ngozi ikishaziba kabisa, kavu, na akanyage bila kubagua mguu. Mrudishe usiku wenzake wakiwa wamelala, umweke kwenye ufito wa chini. Tazama unyayo ule baada ya siku tatu, halafu tena siku ya kumi. Ukiona uvimbe mgumu unarudi chini ya ngozi iliyoziba, kiini kilibaki ndani. Hapo msilowekee tena, mpelekeni kwa daktari.