Vitabu vya msimu wa joto: kipi usome saa ngapi

MWANAIDI: Karibu tena, msikilizaji wetu. Popote ulipo, kama jua linakuunguza na shati limegandana na mgongo, kipindi cha leo ni chako. Kaka Hamisi, hujambo?

HAMISI: Sijambo, dada. Nimekuja na vitabu vyangu vinne, kama ulivyoniagiza.

MWANAIDI: Vinne tu?

HAMISI: Vinne tu. Mwaka jana niliandika 15. Joto lilipoisha nilikuwa nimemaliza viwili, na kila nikiiona ile orodha najiona mvivu.

MWANAIDI: Hilo neno uvivu nataka tulitoe kabisa. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia wanafunzi 44 huko Boston wakati wa wimbi la joto. Wengine walikaa mabweni yenye viyoyozi, wengine yasiyo navyo. Kila asubuhi walifanya majaribio mafupi kwenye simu. Waliolala kwenye joto walichukua muda zaidi kujibu, na walikosea zaidi kwenye hesabu.

HAMISI: Na hao ni vijana wenye afya zao.

MWANAIDI: Enhe. Sasa mchukue mtu aliyegeukageuka kitandani usiku kucha kwa fukuto. Saa 8 mchana anafungua riwaya ya kurasa 600, ukoo mzima umo ndani, babu na mjukuu wana jina moja. Anasoma ukurasa uleule mara tatu, haingii kitu. Akili yake haina kasoro, na kitabu hakina kosa. Amekosea saa.

HAMISI: Kwa hiyo orodha ifuate saa?

MWANAIDI: Ndivyo ninavyofanya siku hizi. Siandiki cha kwanza, cha pili, cha tatu. Naandika cha alfajiri, cha mchana, cha usiku. Alfajiri ndiyo saa ya kitabu kizito, kwa sababu nyumba imepoa na hujachoka. Kurasa 20 za alfajiri nimezielewa kuliko 60 za mchana, na kesho yake bado ninazikumbuka.

HAMISI: Na mchana?

MWANAIDI: Mchana nataka kitabu chenye vituo. Unasoma kipande, unasinzia, unaamka, hujapoteza uzi. Chukua Kusadikika, cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Ni kitabu chembamba, watu wengi tulikutana nacho darasani tukakisoma kwa ajili ya mtihani, na hapo ndipo kilipoharibiwa.

HAMISI: Kweli kabisa. Tulikariri wahusika, hatukusikiliza hadithi.

MWANAIDI: Kirudie sasa, mtihani haupo. Karama, raia wa nchi ya kubuni iitwayo Kusadikika, amesimama mbele ya baraza la nchi, anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu uanasheria, na utetezi wake ni kusimulia. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anarudi na jambo la kuifaa nchi, na nchi inamtupa kifungoni. Mjumbe mmoja kwa mchana mmoja, siku sita umemaliza. Na lile hasira linalokupanda kwa mjumbe wa nne, ukijua tayari yatakayompata, hulipati ukikisoma kwa haraka.

HAMISI: Mimi mchana wangu nimempa Bwana Msa, yule mpelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla, mwaka 1960. Ile kiko yake, ule utulivu wake wakati kila mtu amepaparika kwa hofu ya mizimu. Mtu anayefikiri polepole ananifaa sana kwenye joto.

MWANAIDI: Nilidhani ungemweka usiku.

HAMISI: Usiku hapana. Hadithi ya upelelezi usiku inakunyima usingizi, na usingizi wenyewe kwenye joto ni wa kuokoteza. Usiku nataka kitabu kinachonipoza. Ninacho kimoja hapa, dada, kimenishika sana. Kinaitwa The Worst Journey in the World, cha Apsley Cherry-Garrard, kilichotoka mwaka 1922.

MWANAIDI: Tusimulie.

HAMISI: Mwaka 1911 watu watatu waliondoka kambini huko Antaktika katikati ya majira ya baridi. Giza mchana na usiku. Wanakwenda kutafuta mayai ya ndege aina ya pengwini. Baridi ilifika nyuzi 60 chini ya sifuri. Anasema asubuhi moja alitoka hemani, akanyanyua kichwa kutazama, nguo zikaganda palepale. Akavuta sleji, kigari cha kuburuzwa juu ya theluji, kwa saa nne huku shingo imekakamaa vilevile, hawezi kuinama.

MWANAIDI: Subhanallah!

HAMISI: Tangu siku ile wakawa wanakimbilia kuinama mkao wa kuvuta mzigo kabla nguo hazijaganda. Nilisoma hapo nikajikuta nimevuta shuka. Joto halikuwa limepungua hata kidogo, lakini nilivuta shuka. Na walirudi na mayai matatu tu.

MWANAIDI: Umenikumbusha jambo. Frankenstein, riwaya ya kutisha ya Mary Shelley, ilianza katika kiangazi ambacho hakikuwa kiangazi. Mwaka 1815 volkano ya Tambora ililipuka huko Indonesia, ikarusha angani vitu vilivyozuia mwanga wa jua. Mwaka uliofuata Ulaya ilipata baridi na mvua. Mary, binti wa miaka 18, alikuwa Uswisi na wenzake, wamefungiwa ndani na mvua, wanasomeana hadithi za mizuka, mpaka mshairi Lord Byron, mmoja wao, akasema kila mmoja atunge yake.

HAMISI: Hicho nakihamishia orodha yangu ya usiku sasa hivi. Kiwe cha tano.

MWANAIDI: Tuseme kidogo na vitabu vyenyewe. Usikiache kitabu ndani ya gari lililoegeshwa juani. Gundi ya mgongo inalainika, kurasa zinachomoka. Ukikaa nje, kaa kivulini, jua lisipige moja kwa moja kwenye karatasi nyeupe, macho yanachoka upesi.

HAMISI: Na wanaosoma kwenye simu, ikichemka iacheni ipoe, msiiweke kwenye friji. Unyevu utaingia ndani.

MWANAIDI: Na kitabu kikikushinda?

HAMISI: Nakifunga, nakirudisha rafuni, nakingoja joto lipungue. Nimewahi kuacha riwaya katikati, nikairudia miezi minne baadaye, nikaisoma kwa siku tatu. Ilikuwa riwaya ileile.

MWANAIDI: Haya, ni saa 9 alasiri na chumba hiki kimekuwa tanuri. Unaondoka na kipi?

HAMISI: Nipe hicho Kusadikika chako, dada. Bwana Msa nimebakiza kurasa kumi.

MWANAIDI: Chukua. Kuna kikaratasi ndani, kwa mjumbe wa tatu. Usikitoe, mimi ndipo nilipofika.