Maji ya Chini Yarudi Chini: Mhadhara juu ya Metani ya Ziwa Kivu

Bapapa, bamama, na nyinyi wanafunzi, narudia lile lile. Kutoa metani, gazi inayowaka, katika Ziwa Kivu tunajua. Wenzetu wa Karongi, Rwanda, wanapata nayo umeme wa megawati 26 tangu 2016. Cha kuuliza ni maji yanayobaki gazi ikishatoka yatarudishwa kina gani.

Kwanza tuondoe mkanganyiko, metani ya Kivu si ile ya baharini. Ipo metani iliyofungwa ndani ya barafu chini ya bahari. Mita moja ya ujazo ya barafu hiyo inatoa gazi mita za ujazo 160 hivi. Wajapani waliijaribu Nankai, baharini kwao, mwaka 2013. Baada ya siku sita mchanga uliingia kisimani, kazi ikasimama. Kwetu barafu hiyo haiwezi kuwapo: shinikizo lipo, lakini maji ya vilindini yana joto la nyuzi 26. Metani ya Kivu, karibu kilomita za ujazo 60, imeyeyuka majini pamoja na gazi kaboniki (CO2) mara tano yake, ile ile ya mazuku, gazi inayotoka ardhini na kuua watu.

Unashusha bomba mita 350 hivi. Pampu inaanzisha tu. Maji yakipanda shinikizo linashuka, mapovu yanafumuka kama chupa ya bia ya Primus, maji yanapanda yenyewe, pampu unaizima. Tangi la kutenganisha linakaa mita 20 hivi chini ya uso wa ziwa. Likikaa chini sana, metani inabaki majini. Likikaa juu sana, kaboniki inatoka nyingi na gazi haiwaki vizuri. Kisha unaiosha gazi kwa maji ya juu, kaboniki inayeyuka humo.

Sasa yale yaliyobaki: chumvi, amonia, fosfati, oksijeni hakuna. Yamwage mita 50 uone: mwani utafumuka, samaki wetu wadogo, sambaza, watakosa hewa. Kwenye mita 260 hivi uzito wa maji unabadilika ghafla, na tabaka hilo ndilo linaloizuia gazi isipande. Ukirudisha maji juu yake, unalidhoofisha mwaka hadi mwaka. Lazima yarudi chini yake.

Mtaniambia bomba refu ni gharama, na kusukuma maji yarudi chini kunakula umeme. Ni kweli, lipeni! Nyos, Kameruni, 1986: kaziwa kadogo kabisa mbele ya Kivu, kaboniki iliyofumuka humo iliua watu zaidi ya 1,700 kwa usiku mmoja. Tuache basi bila kugusa? Hapana, gazi ikibaki yote humo, hatari nayo inabaki.

Tabianchi, haraka, saa imeisha: metani ikivuja inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kaboniki kwa miaka 100. Kila gazi ya ziada ichomwe, isiachiliwe hewani. Mkataba wowote wa kutoa gazi ukiletwa hapa Goma, fungueni kwanza ukurasa wa kina cha kurudishia maji. Kama haupo, msikubali.