Meya wa Lubumbashi Achaguliwe na Nani?

ILUNGA: Karibuni, wasikilizaji wetu. Juzi, baada ya mvua kubwa, nilimkuta mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, akichota kwa ndoo maji ya kanivo, yaani mfereji wa kando ya barabara, yasije yakaingia nyumbani mwake, na nilipomuuliza kwa nini haendi kulalamika, alinijibu kwamba haoni wa kumlalamikia, kwa kuwa hakumpigia kura mkubwa yeyote wa mji. Yaya Odette, si wakati wa meya kuchaguliwa na wananchi wenyewe?

ODETTE: Tuanze na sheria, mdogo wangu. Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 7 Oktoba 2008, sisi tunawachagua washauri wa komini, yaani sehemu za mji kama Katuba, hao wanawachagua washauri wa mji, na hao wa mji ndio wanaomchagua meya. Hata ngazi hiyo ya kwanza tuliifikia tarehe 20 Desemba 2023 tu, tena katika miji mikuu ya mikoa, yaani provensi, peke yake. Kwa miaka mingi mameya wetu waliteuliwa kwa amri ya Rais.

ILUNGA: Ngazi zote hizo kwa ajili ya mtu mmoja! Uingereza waliziondoa katika baadhi ya miji, London ikianza mwaka 2000.

ODETTE: Na mwaka 2002 mji wa Hartlepool ukamchagua Stuart Drummond, kijana aliyekuwa akivaa vazi la nyani kwenye mechi za timu ya mji, ahadi yake ikiwa ndizi za bure kwa watoto wa shule. Usicheke bado, maana walimrudisha mara mbili. Kisha, mwaka 2012, wakapiga kura ya kukifuta cheo chenyewe. Bristol nao walikikubali mwaka huohuo, wakakikataa mwaka 2022.

ILUNGA: Hao wanaweza kujaribu na kuacha. Mimi hofu yangu ni Desemba 1957, mji huu ulipokuwa bado Élisabethville na wapiga kura wakiwa wanaume wa miaka 25 na zaidi peke yao: wengi wa waburgumestre, yaani wakuu wa komini, Waafrika waliotokana na kura ile walikuwa na asili ya Kasai, na hasira iliyofuata ni miongoni mwa yaliyoizaa Conakat, chama cha waliojiita wenyeji halisi wa Katanga, mwaka 1958. Kiti cha meya ni kimoja, hakigawanyiki.

ODETTE: Hofu hiyo naielewa, ingawa viti vilivyojificha nyuma ya washauri navyo hugombaniwa kwa ukabila, ila gizani. Kinachonisumbua zaidi ni Kampala. Tangu 2011 wananchi wanamchagua Meya Mkuu moja kwa moja, wakaanza na Erias Lukwago, lakini fedha na watumishi vikawekwa mikononi mwa mkurugenzi anayeteuliwa na Rais, na wawili hao wakavutana kwa miaka. Kwetu Katiba inaziachia provensi asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayotoka kwao, na sheria ya 2008 inaipa miji, komini na machifu asilimia 40 ya fungu hilo. Fedha hizo zisipofika, meya wa kura na meya wa amri watalitazama kanivo hilohilo mikono mitupu.

ILUNGA: Kwa hiyo yule mama nimwambie nini?

ODETTE: Ulimuuliza kama alipiga kura 2023?

ILUNGA: Alipiga.

ODETTE: Basi mshauri wa komini anaye. Je, amekwisha kubisha hodi kwake?

ILUNGA: Hilo, Yaya, sikumuuliza.